Maswali munatuuliza kila siku juu ya safari ya bato ya tanga Seychelles, mukiondokea Lubumbashi

Bandugu, maswali juu ya hii safari ni yale yale, mengine yanaingia kwa WhatsApp usiku wa manane, sauti ya dakika nne, mama anauliza na papa anamusahihisha nyuma yake. Tumeona bora tuandike majibu pahali pamoja. Hii ni kwa wale wanataka kukodi bato ya tanga nzima, wao peke yao, familia ao marafiki, na kapiteni na mupishi, wazunguke visiwa vya Seychelles wiki moja ao zaidi. Kama unatafuta hoteli ya siku tatu Zanzibar, hiyo ni kazi ingine, tuandikie tu.

Neno moja mbele ya yote, hata kama watu wa feza hawapende kulisikia: kwa bato ya tanga feza inanunua kitanda kizuri, mupishi muzuri na nafasi. Upepo haiununue. Ukikubali hiyo tangu hapa Lubumbashi utafurahi, ukikatala utagombana na kapiteni siku ya pili.

Juu ya nini Seychelles? Zanzibar si njo karibu na bei ndogo?

Ni kweli, na Zanzibar tunaipenda. Mafia nayo, zaidi kama unataka kuona papa potwe, samaki mukubwa kupita wote na hana neno na mutu, kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi. Lakini kwa kuishi ndani ya bato wiki nzima, Seychelles inapita juu ya namna visiwa vimekaa. Nchi iko na visiwa 115, vingine viko mbali sana, ila vile vya granite vimekaribiana: Mahé, Praslin, La Digue, Curieuse, Silhouette na vidogo vidogo vya pembeni. Uko kwa kimoja, unaona kingine. Tena kule wanaongea Kifaransa, Kiingereza na Krioli yao, na ile Krioli ukiisikiliza polepole na Kifaransa chako cha shule unakamata karibu nusu. Malaria hakuna. Na vile vimbunga vinapigaka Madagascar na Mozambique kawaida havifike Mahé, juu iko karibu na ikweta, kati ya digri 4 na 5 kusini.

Nosy Be, Madagascar, njo chaguo letu la pili: visiwa vya Mitsio, Radama, Nosy Iranja, pazuri kabisa, ila usiende Januari mpaka Machi, wakati wa vimbunga. Kuna na mutu kila mwaka anatutumia picha za Quirimbas, kaskazini ya Mozambique. Picha ni nzuri, ila mukoa wa Cabo Delgado uko na vita tangu Oktoba 2017. Hatupeleke mutu kule.

Ni bei gani kwa wiki? Mutupe shifri moja tu.

Shifri moja haiko, na mutu anakupatia moja bila kuuliza tarehe na hesabu ya watu, umukimbie. Bato ya luksi yenye kapiteni, mupishi na vyumba vinne vitano inahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola kwa wiki. Katamarani (bato ya miili miwili) ya kawaida ya kukodi na kapiteni peke yake inashuka sana chini ya hapo, mupishi unaongeza ukitaka. Mukigawana watu nane inaanza kuongeleka. Krismasi na Mwaka Mupya bei inapanda na bato zinaisha miezi mingi mbele, usituite Novemba.

Sasa musikilize vizuri, bei ya mwanzo haiko bei ya mwisho. Uliza kama chakula kiko ndani, vinywaji, mafuta ya mota, bandari, viingilio vya hifadhi, na ile TVA ya kule ya 15 kwa mia. Bato mingi kubwa zinafanya hivi: unalipa kukodi, halafu unaweka feza ingine pembeni, mara mingi kati ya 20 na 35 kwa mia ya bei ya kukodi, kapiteni anaitumia kwa chakula, mafuta, viingilio, anaandika kila kitu, mwisho anakuonyesha fakture na kukurudishia yenye imebaki, ao unaongeza kama imepunguka. Wateja wetu wanakuwaka wakali hapa, wanafikiri ni ujanja. Haiko ujanja, ni feza yenu, ombeni kuona daftari katikati ya wiki, kapiteni muzuri hakasirike. Lakini ukisema tangu siku ya kwanza unataka shampanye ya Ufaransa kila jioni, ujue kila chupa imefika kisiwani kwa meli ao kwa ndege.

Matabishi ya wafanyakazi yanakuja juu ya hiyo yote, kati ya 5 na 15 kwa mia kufuatana na kazi yao, unamupatia kapiteni mwisho wa safari na yeye anagawa. Usipatie mupishi peke yake kwa siri juu amekufurahisha, unaacha matata nyuma.

Kulipa: kawaida nusu wakati wa kushika nafasi, nusu ingine wiki kadhaa mbele ya safari, kwa banki. Transfer kutoka hapa inaomba kontra, fakture, siku za kungoja, kwa hiyo musifanye mambo ya dakika ya mwisho. Na hapana kubeba feza ya bato yote ndani ya sakoshi. Kwa kutoka Congo mwisho ni dola 10,000 kwa mutu, na hata chini ya hapo si akili.

Twende mwezi gani?

Hili ndilo swali lilipashwa kuwa la kwanza, mbele ya bei. Kule kuna pepo mbili na ndizo zinaongoza kila kitu. Kuanzia Mei mpaka Septemba kunapiga kusi, upepo unatoka kusini-mashariki, hewa kavu, mvua kidogo, lakini Julai na Agosti inapiga kwelikweli na bahari inachafuka. Kuanzia Desemba mpaka Machi upepo unageuka, unatoka kaskazini-magharibi, joto na unyevu, na mvua, Januari njo inapita yote. Katikati, Aprili na tena Oktoba mpaka Novemba, pepo zinabadilishana zamu, bahari inatulia, maji yanakuwa safi mpaka unaona nanga yako chini. Sisi tunapenda hiyo miezi ya katikati.

Tatizo ni kalenda ya shule. Watoto wa Lubumbashi wako na vakansi kubwa Julai na Agosti, kwa hiyo kila familia inataka kwenda wakati kusi iko na nguvu yake yote. Inawezekana, haiko hatari na kapiteni anajua kazi, ila muchague katamarani kubwa, mulale upande wa visiwa unaofichama na upepo, kama Beau Vallon kwa Mahé ao Anse Lazio kwa Praslin, na mukubali kwamba siku moja ao mbili mutabaki pahali pamoja. Fukwe za mashariki ya La Digue wakati huo ni za kuangalia tu, mikondo ya Grand Anse inabeba hata mutu anajua kuogelea. Januari inakuwa kinyume, Anse Lazio ndiyo inapokea mawimbi.

Ushauri wetu: vakansi ya Pasaka, kama inaangukia Aprili. Watoto wako huru, bahari imetulia. Hasara yake ni moja, upepo mudogo maana yake mota inafanya kazi saa mingi kuliko tanga, kwa hiyo wale wanakuja kwa ajili ya tanga yenyewe waende Mei ao mwisho wa Septemba.

Tuko na siku 7. Tutafika visiwa ngapi?

Orodha tunazopokea ziko na visiwa kumi, kumi na mbili. Tunakata nusu, halafu tunakata tena.

Bato ya tanga inaenda noti 6 hivi, ni kama kilomita 11 kwa saa. Kutoka hapa mpaka Likasi ni kilomita karibu 120: kwa hiyo mwendo ungetoka asubuhi ufike usiku. Mahé mpaka Praslin ni kama kilomita 45, ni saa nne upepo ukiwa muzuri, zaidi ukiwa mubaya. Praslin na La Digue ni jirani, saa moja hivi. Ongeza kwamba kule jua linazama karibu saa 18 na robo mwaka muzima, na kapiteni anataka nanga iwe chini mbele ya saa 17, juu mawe na matumbawe unayaona vizuri wakati jua liko juu, jioni maji yanakuwa kioo na huone kitu.

Namna tunapanga sisi: siku ya kwanza hapana kuvuka bahari. Munapanda bato, munapewa maelezo, munaenda kulala karibu tu, pembeni ya hifadhi ya bahari ya Sainte Anne mbele ya Victoria, muji mukubwa wa Mahé, iko pale tangu 1973. Tumbo linazoea. Kesho yake Praslin. Kutoka pale Curieuse iko karibu kabisa, kisiwa cha udongo mwekundu, kobe wakubwa wanatembea huru na ukikaa wanakuja kukunyooshea shingo, zamani walikuwa wanafungia pale wagonjwa wa ukoma, nyumba ya munganga bado imesimama. Siku ingine munashuka Praslin kwa miguu ndani ya Vallée de Mai, msitu wa mitende ya coco de mer, UNESCO waliuandika 1983. Musiukimbie kwa nusu saa, chukueni mutu wa kuongoza.

Cousin ni ya wale wanapenda ndege. Kile kisiwa kilinunuliwa 1968 kwa kuokoa ndege moja mudogo alikuwa karibu kuisha duniani, sasa wako wengi na wamepelekwa na visiwa vingine. Bato yenu haigusi mchanga: munangoja nje, bato ya hifadhi inakuja kuwachukua, ni kwa kuzuia panya na wadudu wasiingie. Ni asubuhi, siku za kazi, na mbu wako wengi, mupake dawa. Mubosi moja aliwahi kutuuliza kama akilipa zaidi hawezi kushuka na bato yake. Hapana, papa, hata ukilipa mara tatu.

La Digue mulale usiku mbili. Ni kisiwa cha baiskeli, motokari ni chache, na Anse Source d'Argent yenye mawe makubwa yale ya picha inaingiwa kwa tiketi kupitia L'Union Estate, muende asubuhi sana mbele ya watu kutoka Praslin hawajafika. Siku ingine kuzamisha uso ndani ya maji na maski kule Grande Sœur ao Félicité. Kisha kurudi, upepo ukikubali kupitia Silhouette, usiukubali moja kwa moja Mahé, na usiku wa mwisho munalala karibu na bandari juu asubuhi bato inarudishwa. Imeisha. Ni visiwa vitano sita na watu wanarudi wamepumuzika.

Tuseme ukweli na juu ya matumbawe: musitegemee bustani ya rangi kila pahali. 1998 maji yalipata moto na sehemu kubwa sana ya matumbawe hai ya visiwa hivi ilikufa, 2016 yakapigwa tena. Pengine yamerudi, pengine bado. Samaki na kasa mutawaona mingi.

Na Aldabra? Siye tunataka mbali kabisa, pahali hakuna mutu.

Tunaelewa hamu. Aldabra iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, iko na kobe wakubwa zaidi ya 100,000, UNESCO tangu 1982, na huingii bila ruhusa ya Seychelles Islands Foundation wanaoilinda. Bato ya kukodi wiki moja haifike. Hata kisiwa cha Alphonse, chenye hakifike hata nusu ya njia, kilomita kama 400, ni siku moja na nusu ya kusafiri mchana na usiku bila kusimama, kwenda tu. Wale wanataka kweli wachukue ndege ndogo mpaka Alphonse ao Desroches, ao wakodi bato kubwa ya bahari kuu, wiki mbili kupita, wakati kusi imelala. Kwa safari ya kwanza sisi tunasema wazi: acheni. Chukueni ile feza muongeze siku tatu La Digue na Silhouette, na mutie nanga pahali hakuna bato ingine. Kapiteni wenyeji wanapajua.

Tunaweza kuchukua bato bila kapiteni? Ndugu yangu anajua kuendesha bato ya mota kwenye ziwa.

Hapana. Ziwa haiko bahari, mota haiko tanga, na kampuni zitaomba karatasi zake.

Paspor, visa, ndege?

Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, munapitia Addis Abeba ao Nairobi, halafu Mahé. Visa ya kuomba ubalozini haiko, ila lazima ruhusa ya kusafiri munayoomba kwa intaneti mbele ya kupanda ndege, na wanataka kuona tiketi ya kurudi, pahali mutalala na feza ya kutosha. Sababu mutalala ndani ya bato, mubebe kontra ya kukodi, imeandikwa jina la kila mutu, na rezervasio ya hoteli ya usiku wa kwanza. Ndiyo, usiku wa kwanza hoteli. Hatupange hata siku moja bato iondoke siku ile ile ndege inafika: ndege ikichelewa ao valise zikibaki njiani, bato inaendelea kuhesabu siku zake na hakuna wa kukurudishia.

Kadi ya homa ya manjano haina muchezo. Congo iko kwa orodha ya nchi zenye ugonjwa, wataiomba. Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 nyuma ya kuchomwa, na tangu 2016 ni ya maisha yote, kwa hiyo kadi yako ya zamani ni nzuri kama jina linafanana na la paspor. Angalia herufi moja moja; Ilunga na Illunga kwa mutu wa kontuari ni watu wawili. Mutoto anayesafiri na muzazi mumoja abebe ruhusa ya ule mwingine. Na Go-Pass yetu, ile taxe ya hapa uwanjani, musiisahau.

Miye sijue kuogelea. Nibaki?

Usibaki. Watu mingi tunaopeleka hawajue, tuko mbali na bahari, haiko haya. Mumuambie kapiteni mbele, si pale kwenye maji. Jile la kuelea iko kwa kila mutu, utalivaa ukiingia ndani ya bato ndogo ya kushuka pwani (na utavaa hata kama unajua kuogelea). Katamarani inasimama sawa, hailale upande kama bato ya mwili moja, unaweza kukaa wiki nzima bila kulowa kupita magoti. Lakini ukiwa na miezi miwili mbele, chukua masomo kwenye pisini hapa mujini. Hata kuelea tu na kupumua ndani ya bomba la maski kutabadilisha safari yako yote, juu nusu ya uzuri wa kule iko chini ya maji.

Tutatapika?

Pengine, siku ya kwanza ao ya pili. Dawa inamezwa mbele ya kuondoka, ukishaanza kuumwa haisaidie sana, uulize munganga wako ile inakufaa zaidi kama uko na presio ao mimba. Usilale na njaa na usilewe usiku mbele ya kuvuka. Kaa nje, angalia mustari wa bahari na mbingu, acha telefone. Ndani ya chumba njo kubaya kabisa, watu wanaenda kulala wakifikiri watapona, wanatoka kijani. Tangawizi inasaidia wengine.

Mupishi atatupikia bukari?

Swali hili linatufurahisha kila mara. Mupishi wa kule ni fundi wa samaki: samaki mwekundu wa kuchoma, pweza kwa mchuzi wa nazi, shelisheli ya kukaanga, wali, papai bichi la kusaga kama saladi. Utakula vizuri. Bukari inategemea. Munajaza karatasi ya chakula wiki mbele, muandike pale unga wa mahindi na watautafuta dukani. Usibebe unga, nyama kavu, mboga ao mbegu ndani ya valise, kisiwa kinajilinda na magonjwa ya mimea na wanyama, uwanjani wanachukua na kutupa. Sombe yako itangoja urudi. Bia zetu Simba na Tembo nazo hazifike kule, kuna SeyBrew, bia ya kule, yenye baridi inanyweka, na rumu ya Takamaka inayotengenezwa Mahé, hiyo muende nayo polepole juu ya jua.

Jambo moja la heshima: mupishi yuko peke yake ndani ya jiko dogo, anapika kwa watu nane mara tatu kwa siku, bato inatikisika. Kila mutu akiagiza chakula chake kama yuko malewa, siku ya tatu mutakula mikate.

Ni ya luksi kweli? Klimatizeri, maji ya moto, jakuzi?

Klimatizeri iko, ila inatembea na jenereta, na usiku kapiteni mingi wanazima juu kelele inaharibia kila mutu, upepo wa dirisha la juu unatosha. Bato ya luksi iko na mashine ya kugeuza maji ya bahari kuwa maji matamu, lakini haitoe kama robine ya Régie: unajilowesha, unafunga, unajisabuni, unafungua. Choo cha bato ndicho kinaharibu vakansi kuliko mawimbi. Hakuna kitu kinaingia pale chenye hakikupita kinywani kwanza, karatasi inaenda ndani ya kitunga kidogo pembeni. Bomba ni jembamba, likiziba kapiteni atalifungua kwa mikono yake na mutaongea juu yake mpaka Luano.

Jakuzi iko kwa zile bato za bei ya ajabu. Unataka jakuzi ya nini, umezungukwa na maji ya moto?

Luksi yenyewe ya hii safari ni ingine. Ni kuamuka saa 6 asubuhi hakuna mutu Anse Lazio, watu wa hoteli bado wamelala, na kahawa imeshafika. Ni kapiteni anakuuliza "leo tubaki?" na munabaki. Kama hiyo haikuvutie, hoteli za Mahé ni nzuri sana, hatukasirike, tutakupangia.

Kapiteni anaweza kukatala kwenda pahali tumelipia?

Ndiyo, na kontra inasema hivyo. Usalama wa bato ni neno lake la mwisho. Programu tunayowapatia ni mapendekezo, upepo ndio unaitia sinyatire. Tunajua wakubwa wengine wamezoea kuamuru kwenye kazi yao, chantier nzima inatembea wakisema, lakini pale juu ya maji hata mwenye bato akija, kapiteni ndiye anaamua. Chenye muko na haki nacho: akatae kwa sababu anayoeleza, na awape pahali pengine pazuri. Kama kila siku anakatala na anataka kubaki bandarini, mutuite, hiyo ni uvivu na tunajua kutofautisha.

Maharamia je?

Wale wa Somalia walisumbua sana kati ya 2008 na 2012, na walifika mpaka bahari ya visiwa vya mbali vya Seychelles. Njia yetu ni kati ya visiwa vya granite, saa chache tu, unaona nchi kavu karibu wakati wote. Asirance ya bato inaandika mpaka wapi inaruhusiwa kufika, na kapiteni hapiti pale. Shida za kweli kwa hii safari ni jua, kuteleza kwenye ngazi ya nyuma, na mawe ya matumbawe yanayokata mguu.

Kwa hiyo chukueni asirance ya safari inayolipa hata kuhamishwa kwa mugonjwa, Praslin na La Digue ziko na hospitali ndogo, mambo makubwa yanapelekwa Mahé, na makubwa zaidi nje ya nchi.

Watoto wa umri gani?

Kuanzia miaka 6 hivi ni raha. Chini ya hapo inawezekana, uombe nyavu zizunguke bato, na mama ao dada mumoja kazi yake iwe kumuangalia mutoto tu, si kupiga picha.

Reseau iko?

Karibu na Mahé, Praslin na La Digue ndiyo, ununue kadi ya kule ukifika. Kampuni ya Airtel iko na kule pia lakini usifikiri forfait yako ya Lubumbashi itaendelea, uulize mbele. Bato zingine ziko na intaneti ya setilaiti, iandikwe kwa kontra kama munaihitaji kwa kazi.

Tubebe nini?

Sakoshi laini, inayokunjika. Valise ngumu haina pa kuingia, tunasema kila mara na kila mara mutu anakuja na mbili. Viatu vinavuliwa mukipanda, vinakaa ndani ya kitunga, kwa hiyo visigino virefu ni vya mangaribi moja tu Mahé. Kofia yenye kamba, shati ya mikono mirefu ya kuogelea nayo, mafuta ya jua hata kwa ngozi nyeusi, munaungua tu hamuone haraka. Bamama: chumvi na upepo vinakula perike na meshe za gharama, suka nywele rahisi mbele ya kuondoka. Mifuko ya plastiki walikataza tangu 2017, ibaki nyumbani.

Tunaweza kuvua samaki, kurusha drone, kuleta makombe na coco de mer nyumbani?

Kuvua kwa ndoana nyuma ya bato ndiyo, nje ya hifadhi, na kapiteni anajua mipaka. Bunduki ya kuchoma samaki chini ya maji ni marufuku nchi nzima. Drone inaomba ruhusa, na juu ya visiwa vya ndege usiijaribu. Makombe na matumbawe yaache pale, hata yale yaliyokufa pwani. Coco de mer, ile mbegu kubwa kupita mbegu zote duniani, inaweza kufika kilo 25, inanunuliwa kwa duka lenye ruhusa, iwe na namba yake na karatasi ya kuitoa nchini. Ya bei ndogo bila karatasi, mutu anakuitia pembeni, usichukue, watakuvua uwanjani na faini juu yake. Uliza kwanza kilo za tiketi yako zimebaki ngapi.